Kabla Hujayapenda Matokeo Yako

Mwaka wa pili wa uzamivu nilikaa miezi minane nikiamini kwamba nimegundua kitu. Nilichukua seli za panya, nusu nikazitia dawa, nusu nikaziacha, kisha nikapima alama za methili kwenye kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni niliyokuwa nikiichunguza. Seli zilizotiwa dawa zilijaa methili; zile nyingine karibu hazikuwa nayo. Mchoro wake ulipendeza mno: vidoto vyeusi upande huu, vyeupe upande ule. Niliubandika ukutani juu ya meza yangu. Nilikwisha kuanza kuandika utangulizi wa makala, na kichwani nilishajiona nimesimama jukwaani napigiwa makofi.

Aliyenishusha jukwaani alikuwa fundi wa maabara, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa anapita kuchukua barafu. Akasimama nyuma yangu, akaitazama mifuatano kwenye skrini, akauliza: "Mwanangu, mbona na hizi C nyingine zimebaki?"

Nieleze kidogo, maana swali lile lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. DNA huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Methili ni kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni ambacho seli hukibandika juu ya C, na kwa mamalia hukibandika hasa pale ambapo C inafuatwa na G. Mashine ya kawaida ya kusoma mfuatano haikioni. Ndiyo maana tunatumia bisulfaiti ya sodiamu: huigeuza C isiyo na methili kuwa U, ambayo baadaye husomeka kama T, na C yenye methili hubaki C. Njia hiyo ya kusoma ilichapishwa mwaka 1992, na hadi leo ni nguzo ya fani yetu ya epijenetiki, yaani utafiti wa alama zinazobandikwa kwenye DNA bila kubadili herufi zake. Ila bisulfaiti huishambulia DNA ambayo nyuzi zake mbili zimeachana. Yakibaki mabaki ya protini, au nyuzi zisipoachana sawasawa, kemikali haifiki, na C isiyo na methili yoyote inabaki C vilevile. Ukija kuisoma utaapa kwamba ina methili.

C alizozinyooshea kidole mzee ni zile zisizofuatwa na G. Katika seli nilizokuwa nazitumia zilipaswa kugeuka karibu zote. Hazikugeuka. Nikarudi kwenye daftari langu, nikakuta kwamba seli za dawa nilizivuna siku nyingine kabisa, na siku hiyo nilifupisha hatua ya kumeng'enya protini kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuondoka. Niliporudia kazi nzima kwa utaratibu mmoja kwa seli zote, tofauti iliyeyuka. Mchoro niliubandua mwenyewe, jioni, wenzangu walipokwisha kuondoka.

Nimeanza na aibu hii kwa makusudi. Vijana wanaoniuliza kuhusu kazi ya utafiti wa jeni na epijenetiki huuliza wasome nini, wajifunze mashine gani, waombe nafasi wapi. Baadhi ya hayo nitayagusa. Lakini katika miaka 18 niliyokaa humu, kipaji nimekiona kwa wengi walioondoka na nimekikosa kwa wengi waliodumu. Kitu ninachokiona kwa waliodumu ni swali lililowaganda kama kupe: ni nini kingine kingeweza kuleta matokeo haya haya?

Swali hilo lina faida kila mahali kwenye sayansi, lakini kwenye epijenetiki ukilisahau unaumia haraka. Jenetiki ya kawaida ina nafuu moja kubwa. Herufi ulizozaliwa nazo zilikuwapo kabla ya ugonjwa. Ukikuta wagonjwa wengi wana herufi fulani mahali fulani, utakuwa na mengi ya kuchunguza, lakini hakuna atakayekuambia kwamba ugonjwa ndio ulioiandika herufi ile (saratani tuiweke kando, ina mambo yake). Kwetu nafuu hiyo haipo. Seli zako karibu zote zina DNA ile ile: herufi kama bilioni 3 kwa kila seti, jeni za kutengeneza protini kama 20,000, uzi ambao ukinyooshwa kutoka seli moja hufika kama mita 2. Seli ya ini hutofautiana na seli ya ngozi kwa jinsi uzi huo ulivyofungwa na kutiwa alama: wapi umezungushwa kwenye mafundo ya protini ziitwazo histoni, herufi 147 kwa kila fundo, wapi umeachwa wazi usomwe, wapi umebandikwa methili. Alama hizo hubadilika kwa umri, kwa moshi wa sigara, kwa dawa, kwa ugonjwa wenyewe. Mwanabiolojia Conrad Waddington alipolitunga neno epijenetiki mwaka 1942, hata umbo la DNA lilikuwa halijajulikana. Sisi tunaweza kusoma alama hizo kwa mamia ya maelfu katika jaribio moja, na hapo ndipo penye mtego. Kila kitu huacha alama, kwa hiyo kila tofauti utakayoiona ina wazazi kumi wanaodai ni mtoto wao.

Chukua damu, kitu tunachokipenda kwa sababu ni rahisi kukipata. Nilipokuwa mtafiti wa baada ya uzamivu tulilinganisha damu ya wagonjwa na ya watu wazima wenye afya, tukapata mamia ya sehemu zenye methili tofauti. Tulifurahi kwa wiki kama mbili. Kisha mwenzetu mmoja anayeshughulika na seli za damu akatuuliza kama tumehesabu neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Hatukuwa tumehesabu. Wagonjwa wale walikuwa na neutrofili nyingi kuliko wenzao, basi. Neutrofili ina alama zake, limfosaiti, seli nyeupe ya aina nyingine, ina zake. Uwiano wake ukibadilika kwenye sampuli, wastani wa alama unabadilika hata kama hakuna seli moja iliyobadilika. Ni sawa na kupima wastani wa urefu wa watu waliomo chumbani, watoto watoke kwenda kucheza, upime tena, uandike kwamba watu wamerefuka. Mwaka 2012 mtakwimu Houseman na wenzake walichapisha hesabu ya kukadiria mchanganyiko wa seli kutokana na data zile zile za methili, na siku hizi mhakiki makini atakuuliza kama umeitumia, au kama ulizitenganisha seli tangu mwanzo. Sisi tulipoitumia, zile sehemu mamia zilibaki chache tu. Hizo chache ndizo tulizozichapisha, na sijawahi kuzijutia.

Kisha kuna sahani za visima 96, ambamo tunapanga sampuli za kupimwa. Ukiwapanga wagonjwa wote kwenye sahani ya Jumatatu na wazima wote kwenye sahani ya Alhamisi, umekwisha kujifunga, na hakuna mtakwimu atakayekufungua. Kila tofauti kati ya ugonjwa na uzima itakuwa pia tofauti kati ya Jumatatu na Alhamisi: chupa nyingine ya kemikali, joto la chumba, mkono wa mtu mwingine. Changanya sampuli kwa bahati nasibu kabla hujashika pipeti. Ni kazi ya nusu saa na karatasi moja. Nimeona miradi ya miaka mitatu ikifia hapo, na wahusika hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na kupanga sampuli kwa mafungu kulirahisisha kuandika majina kwenye mirija.

Mimi nimejiwekea utaratibu ambao wanafunzi wangu huucheka mwaka wa kwanza. Kabla ya kufungua faili la matokeo, naandika kwenye daftari, kwa mkono, sababu tatu zinazoweza kuleta tofauti ninayoitarajia bila nadharia yangu kuwa ya kweli. Lazima iwe kabla. Ukishauona mchoro mzuri, akili huanza kuutetea kama wakili aliyelipwa. Kisha kwa kila sababu najiuliza: jaribio hili lilivyopangwa, lingeweza kunionyesha kama ni hiyo? Jibu likiwa hapana, jaribio halijakamilika, hata kama limekwisha.

Vipimo vya kulinganishia vinatoka huko huko. Kwa bisulfaiti, tia kwenye kila sampuli DNA kidogo ya virusi vya bakteria viitwavyo lambda, ile isiyo na methili kabisa, kisha tazama C zake zimegeuka kwa kiasi gani. Zisipopita asilimia 99, usijisumbue kutazama zako. Kama kazi yako ni kuvuta vipande vya DNA kwa kingamwili zinazotambua alama za histoni, usiiamini kingamwili kwa sababu kuna picha nzuri kwenye tovuti ya muuzaji. Ijaribu mwenyewe kwenye seli ambazo alama hiyo imeondolewa. Na kama unafuga seli, zipeleke zikapimwe utambulisho kila mwaka. Mwaka 1966 mwanajenetiki Stanley Gartler alionyesha kwamba aina nyingi za seli zilizokuwa zikitumiwa kama seli za viungo mbalimbali zilikuwa kwa kweli seli za HeLa, zile zilizotoka kwa mgonjwa wa saratani Henrietta Lacks mwaka 1951, zilizojipenyeza na kumeza kila kilichokuwamo kwenye chupa za wengine. Jambo hilo halijaisha hadi leo. Kuna watu wanaandika makala kuhusu seli wasizokuwa nazo.

Suala la takwimu na kuandika programu nitalisema kwa ukali kidogo, kwa sababu mimi nilijifunza kwa kuchelewa na nikalipia. Kama unaingia kwenye fani hii leo, jifunze R au Python, lugha za kuandika programu, kabla ya kujifunza mashine yoyote ya gharama. Mashine hubadilika, yale niliyoyajua kwa vidole mwaka wa kwanza sasa yako stoo. Hesabu hazibadiliki. Ukipima jeni 20,000 na kukubali kosa la asilimia 5 kwa kila moja, utapata jeni kama 1,000 "zenye tofauti" hata kama hakuna kinachotofautiana. Chipu za methili hupima sehemu zaidi ya 850,000. Hapo makosa yako yatapita 42,000, na kati ya hayo utapata hadithi yoyote unayoitaka. Watakwimu Benjamini na Hochberg walitoa njia nzuri ya kudhibiti jambo hili mwaka 1995, na programu zote zinayo. Inatosha kubonyeza. La kuhuzunisha ni kwamba wapo wanaobonyeza, wakaona jeni zote zimetoweka, wakarudi kwenye orodha ya kwanza.

Na usifungue orodha za jeni kwa Excel bila kuangalia inafanya nini. Jeni iliyoitwa SEPT2 ilikuwa inageuzwa kuwa tarehe 2 Septemba, MARCH1 kuwa tarehe 1 Machi. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo kwenye takriban makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni za Excel, tena kwenye majarida ya maana. Mwishoni binadamu ndio waliosalimu amri: mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya, SEPTIN2 na MARCHF1, ili programu iache kuzisoma kama tarehe. Mimi hucheka kila nikilikumbuka, halafu nakumbuka kwamba na mimi niliwahi kutuma orodha yenye Septemba ndani.

Je, uchague swali gani la utafiti? Hapa nina maoni ambayo wenzangu wengine hawayapendi. Nadhani vijana wengi huchagua ugonjwa kwanza, kwa sababu ugonjwa unaeleweka kwa wazazi na kwa watoa ruzuku, halafu wanatafuta pa kuingilia. Mimi ningekushauri uchague kiumbe au mfumo ambao swali lako linaonekana kwa macho ndani yake. Mwanabiolojia David Allis alikuwa anataka kujua kama asetili, kikundi kingine kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye histoni, ina uhusiano na kuwashwa kwa jeni. Akaenda kwa Tetrahymena, kidudu cha seli moja kiishicho kwenye maji, ambacho madaktari wengi hawajawahi kukisikia. Kwa nini hicho? Kwa sababu kina viini viwili ndani ya seli moja: kikubwa, ambacho jeni zake zinafanya kazi na histoni zake zimejaa asetili, na kidogo, kilichonyamaza. Maumbile yalikwisha kumpangia jaribio na cha kulinganishia ndani ya ngozi moja. Kutoka kwenye kiini kile kikubwa kundi lake lilisafisha kimeng'enya kinachobandika asetili, wakakuta kinafanana na protini ya hamira iliyokuwa ikijulikana tayari kwa kuwasha jeni. Hiyo ilikuwa 1996. Mwaka huo huo maabara ya mwanakemia Stuart Schreiber ikatambua kimeng'enya kinachoiondoa asetili. Miaka kumi baadaye, mwaka 2006, dawa ya vorinostat, inayozuia vimeng'enya vya aina hiyo ya pili, iliidhinishwa Marekani kwa aina ya saratani ya limfu inayojitokeza kwenye ngozi. Jaribu kufikiri ombi la ruzuku lingesomekaje: "Natafuta tiba ya saratani, naanza na kidudu cha bwawani."

Mwanajenetiki Barbara McClintock aliona kwenye mahindi vipande vya DNA vinavyohama, kwa kuzitazama rangi za punje na kromosomu kwa darubini. Nobeli yake ilikuja 1983, zaidi ya miaka thelathini tangu aanze kuyasema hayo. Mwanajenetiki mwenzake Mary Lyon alitazama mabaka ya manyoya ya panya jike na mwaka 1961 akapendekeza kwamba kila seli yao huzima kromosomu X moja. Wote hawa walikuwa na kitu ambacho jibu lake lingeonekana hata mashine zikiwa chache. Ukiwa na mfumo kama huo, lile swali la "ni nini kingine" linajibika. Ukiwa na tishu iliyosagwa ya watu arobaini wenye maisha arobaini tofauti, unaweza kuuliza hadi uzeeke.

Kuhusu msimamizi nitasema kwa ufupi. Nimefanya kazi chini ya wawili wasiofanana. Wa kwanza, jina nalihifadhi, alikuwa mtu wa habari njema. Ukienda na matokeo mazuri anakuita kwa jina lako la utani. Ukienda na mabaya anauliza kama umerudia, na ukishayarudia anauliza kama umerudia vizuri. Maabara nzima ilijifunza kutompelekea mabaya. Hatukuwa tunadanganya, lakini tulikuwa tunachelewa kuangalia. Wa pili, siku nilipompelekea mchoro wa kwanza, aliuweka chini akaniuliza, "Ungetaka kuuvunja, ungeanzia wapi?" Nilidhani hanipendi. Nilichukua mwaka mzima kuelewa kwamba lile lilikuwa pendo lenyewe.

Ukienda kuomba nafasi, usiwaulize waliopo tu, watafute walioondoka. Waulize: matokeo yako yalipokwenda kinyume na makala ya awali ya maabara, Profesa alifanya nini? Mtu akikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, umeshajibiwa. Uliza pia nani anayemiliki daftari na data ukiondoka, na makala ya kwanza ya mwanafunzi huchukua muda gani hadi kutoka. Ukubwa wa jina la maabara una faida, sikatai, hasa siku za kuomba ruzuku. Lakini jina halitakaa nawe saa tatu usiku mashine inapotoa mstari tambarare.

Sasa niende kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo: kuzungumza na watu wa nje. Epijenetiki inauzika. Ukisema "jeni" watu husinzia, ukisema "alama za bibi yako zimo ndani yako" wanakaa wima. Miaka kadhaa iliyopita nilihojiwa redioni kuhusu lishe ya mama mjamzito. Nilizungumzia utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45: takriban miaka sitini baadaye, damu yao ilikuwa na methili pungufu kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ikilinganishwa na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakupitia njaa hiyo tumboni. Ni utafiti mzuri, na kulinganisha ndugu kwa ndugu ni akili kubwa. Nilisahau kusema kwamba tofauti ilikuwa ndogo, kwamba ni wastani wa kundi, na kwamba methili pungufu kwenye damu ya mtu wa miaka sitini haikuambii peke yake kwamba ana ugonjwa. Nilisema, nakumbuka maneno yangu, "Chakula cha mama huandika kwenye jeni za mtoto."

Wiki ile ile mama mmoja aliniandikia. Mtoto wake alikuwa na tatizo la ukuaji. Katika miezi ya kwanza ya ujauzito alikuwa anatapika kila kitu, akashindwa kula. Aliniuliza kama ni yeye.

Nilimjibu kwa kirefu, na nadhani alinielewa, lakini barua yake ninayo bado. Tangu hapo nina kanuni za kusemea. Nasema ukubwa wa tofauti kabla ya kusema maana yake. Nasema imepimwa kwenye seli zipi. Na mtu akitaja urithi wa vizazi, nahesabu naye kwa vidole: mama mjamzito akipata msukosuko, umempata yeye, umempata mtoto aliye tumboni, na umezipata seli za uzazi zilizokwisha kuanza ndani ya mtoto huyo, ambazo ndizo zitakazokuwa wajukuu. Vizazi vitatu vimeguswa moja kwa moja, kwa mara moja. Anayetaka kusema kwamba alama imerithiwa bila kuguswa lazima aionyeshe kwa kitukuu. Tena kwa mamalia methili nyingi hufutwa mara mbili: katika kiinitete kichanga, na katika seli zinazokuja kuwa mbegu na mayai. Kuna vinavyoponyoka kufutwa, na hivyo vinasisimua kweli. Lakini kwa binadamu, ambao vitukuu wao hupokea pia lugha, mali, woga na mapishi ya familia, lile swali langu la siku zote linakuwa na majibu mengi kuliko mahali pengine popote.

Mengine ni ya kawaida na utayasikia kwa kila mtafiti. Mikataba ni mifupi. Makala itakataliwa, na mhakiki wa pili atataka jaribio la mwaka mzima. Weka makala yako kwenye hazina ya wazi kabla ya kuhakikiwa, bioRxiv ipo tangu 2013, ili mtu akiwahi kuchapisha jambo lile lile usilie peke yako. Ukiamua kutoka, usione haya. Kati ya niliosoma nao kuna walioko kwenye vipimo vya hospitali, kwenye kampuni za dawa, kwenye uchambuzi wa data za benki, na wale wa benki ndio wanaolala vizuri zaidi.

Na tafadhali, andika majina kwenye mirija. Sizungumzii majina unayoyaelewa wewe leo. Andika tarehe na mwaka kamili, aina ya seli, ukurasa wa daftari, kwa kalamu isiyofutika kwa alkoholi, juu ya kifuniko na ubavuni, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Mwezi uliopita tulikuwa tunayeyusha barafu kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, mwanafunzi wangu akatoa kisanduku nyuma kabisa, kimegandia kwenye ukuta wa friza. Ndani mlikuwa na mirija 24. Kumi na miwili imeandikwa "mpya". Kumi na miwili imeandikwa "mpya kabisa". Mwandiko ni wangu. Akaniuliza tuitupe au tuiweke, na kwa dakika nzima nilisimama pale na glavu zangu nikijaribu kukumbuka nilikuwa nafikiri nini.

"Iweke kando kwanza," nikamwambia. Iko kando hadi leo.